Simu Ndani ya Chombo: Inachojua na Isichojua

Mazungumzo na manahodha, wavuvi na wanachama wa BMU, Kaunti ya Kwale



Siku hizi ni nadra chombo kutoka Shimoni, Gazi au Msambweni bila simu ndani yake. Simu hiyo yaweza kumrudisha mtu nyumbani, mradi tujue inachofanya na isichofanya.

Kwanza, GPS haihitaji bando. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo na mnara. Kinachohitaji intaneti ni ramani. Kwa hivyo pakua ramani ukiwa nchi kavu, kisha zima data uijaribu kabla ya kung'oa nanga.

Pili, ramani ya barabara haijui bahari. Penye mwamba, yenyewe huonyesha rangi ya buluu tu. Tumia programu yenye chati za bahari zinazoonyesha vina, na macho yako yabaki majini, kwa sababu fungu la mchanga huhama.

Tatu, unapotoka mchana, acha programu ichore njia yako na uweke alama kwenye mlango wa mwamba. Mvua ya kusi ikiificha pwani, utakuwa na njia ya kufuata. Lakini ulipopita maji yakiwa yamejaa, huenda pasipitike yakiwa yamekupwa. Hilo simu haikukumbushi. Ni kazi ya nahodha.

Nne, na hili ndilo kubwa: simu kujua ulipo si sawa na watu wa pwani kujua ulipo. Pasipo na mnara, huwezi kupiga simu kuomba msaada. Tuma mahali ulipo mtandao ungali upo. Ukisoma latitudo na longitudo, soma polepole na zirudiwe. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, na ukikosea tarakimu moja utatafutwa kwingine.

Simu ifungwe ndani ya mfuko usioingia maji, pawabenki iwe imejaa chaji. Dira ibaki chomboni, mbali na simu, kwa maana sumaku ya simu huipotosha. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe.

Na nyinyi mnaobaki nyumbani, kabla chombo hakijaondoka ulizeni mambo mawili: unakwenda wapi, na unarudi saa ngapi? Saa hiyo ikipita, msingoje asubuhi. Iarifuni BMU mara moja.