Kompyuta Ndogo Haina Akiba: Someni Chaja Kabla ya Kulipa



Simu ikichomekwa kwenye chaja dhaifu huchelewa tu kujaa, kwa kuwa ina betri yake. Kompyuta ndogo ya bodi moja haina akiba hiyo. Raspberry Pi 4, kwa mfano, huhitaji volti 5 na ampea 3, ilhali tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa ampea 0.5 tu. Umeme ukipungua, mashine huweza kuzimika ghafla na kadi ya kumbukumbu ikaharibika. Kadi hununuliwa tena. Matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka zilizokuwamo hazinunuliki.

Kabla ya kulipa, someni kwenye chaja au pawabenki mstari wa OUTPUT, yaani umeme unaotoka: 5V 3A inatosha, 5V 1A haitoshi. Namba kubwa ya mAh isiwahadae. Hueleza ukubwa wa pipa, si upana wa bomba. Chagueni waya mfupi na mnene. Wenye sola, msiiunganishe kompyuta moja kwa moja na betri ya volti 12, itaungua. Izimeni kwa amri kabla ya kuchomoa waya. Daini risiti na muitunze: ndiyo shahidi wenu.