Ua la Porini Katika Nyumba ya Vioo

Katika vichaka vya Afrika ya Mashariki, mvua zinapoanza, huchipua mmea mwembamba upandao juu ya miti mingine kwa ncha za majani yake, ambazo hujizungusha kama vidole. Petali za maua yake ni nyekundu zenye kingo za manjano, nazo zimepinda kuelekea juu mfano wa ndimi za moto. Wataalamu huuita mmea huo Gloriosa superba, na nchi ya Zimbabwe imelifanya ua lake kuwa ua la taifa.

Huko Uholanzi na Uingereza mmea huu hupandwa katika nyumba za vioo, kwa kuwa hauwezi kustahimili baridi ya huko. Walakini joto peke yake halitoshi. Mkulima hodari huiga majira ya Afrika, masika na kiangazi.

Kazi huanza mnamo mwezi wa Machi. Chungu chenye upana wa sentimeta 20 au zaidi, kilichotobolewa chini, hujazwa udongo mzuri uliochanganywa na mchanga, ili maji yasituame. Kiazi cha mmea hulazwa, wala hakisimamishwi, kikafunikwa kwa udongo wa kadiri ya sentimeta 5. Yapasa kishikwe kwa uangalifu, maana chipukizi hutoka nchani, na ncha ikivunjika huenda mwaka huo ua lisionekane. Mwanzoni maji huwa machache. Mmea ukichipua huongezewa maji, tena huchomekewa fito, kwani waweza kupita urefu wa mita 1.5.

Maua yakiisha, majani hugeuka manjano. Hapo ndipo wengi hukosea. Asiyejua hudhani mmea una kiu, akauzidishia maji hata kiazi kikaoza. Kumbe mmea haufi, bali wapumzika kama upumzikavyo porini wakati wa kiangazi. Mjuzi hupunguza maji kidogo kidogo, kisha huyaacha kabisa, akakiweka chungu mahali pakavu pasipo baridi kali mpaka Machi ifuatayo.

Mwenye kuupanda barazani kwake Mombasa hana haja ya vioo. Debe lililotobolewa chini latosha, pamoja na subira wakati wa ukame.

Lakini kila aupandaye, popote alipo, na akumbuke hatari yake. Mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, hasa kiazi. Sumu hiyo hiyo, ikipimwa na waganga wa hospitali, ni dawa ya jongo, isipopimwa huua. Katika Sri Lanka wako watu waliokufa kwa kukidhania kiazi hicho kuwa cha kuliwa. Basi kisiwekwe kamwe jikoni wala ghalani pamoja na viazi vya chakula, bali kifungiwe mbali na watoto na mifugo, na aliyekishika anawe mikono kabla ya kula.