Ndege Wengi, Maji Salama? La Hasha!

Vijana, Jumamosi tunakwenda kuangalia ndege kwenye mabwawa ya majitaka ya Mabogini, kusini ya mji wa Moshi. Nimesikia mnavyoguna: "Eti tukaangalie ndege wa chooni!" Haya, chekeni, lakini msikilize.

Majitaka ya mjini huingia kwanza bwawa ambamo uchafu mzito unazama na bakteria wanauozesha. Kisha maji hupita mabwawa mengine. Humo mwani, yaani mimea midogo sana ya kijani, hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni. Bakteria wengine huitumia hiyo oksijeni kumaliza uchafu uliobaki. Jua nalo huua vijidudu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi.

Sasa ndege wanafuata nini? Chakula! Kwenye mwani na tope huzaliana wadudu na mabuu yao. Angalieni midomo. Kwarara ana mdomo mrefu uliopinda, anachokoa tope. Yangeyange anasimama kimya, halafu anadonoa ghafla. Kibisi anazama hapa, anaibukia kule. Na chamchanga, yule mdogo anayetikisatikisa mkia ukingoni, huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Jamani, safari yote hiyo bila pasi wala tiketi!

Lakini msidanganyike kwamba maji yenye ndege wengi ni safi. Ndege anakuonyesha kuna chakula, basi. Hakuambii kama kuna vijidudu vya kuhara. Mayai ya minyoo yaliyozama kwenye tope yanaweza kukaa hai miaka kadhaa. Na kwenye mifereji na vinamasi vya jirani wanaweza kuwepo konokono wa kichocho. Kichocho hakingoji unywe maji. Kinapenya ngozi!

Kwa hiyo, tukifika:

1. Tunatembea juu ya tuta tu. Kingo za bwawa zinateleza, na ukitumbukia ni vigumu kutoka.
2. Hakuna kuogelea, kuvua samaki wala kunawa humo.
3. Ukikuta ndege mgonjwa au aliyekufa, usimguse. Mwite mwalimu.
4. Viatu lazima. Kabla ya kula, tunanawa kwa sabuni na maji tutakayobeba.

Na wewe uliyewahi kuoga mferejini, ukiona damu kwenye mkojo au choo, usione haya. Nenda zahanati. Dawa ya kichocho ipo, na ukichelewa unazidi kuumia.

Leteni daftari, kalamu na kofia. Darubini ni mbili tu, tutapokezana. Ukiona ndege usiyemjua, chora mdomo na miguu yake, tutamtafuta kitabuni.

Rafiki akikuambia, "Twende tukaogelee, mbona bata wamo?" utamjibuje? Mwambie: bata ni bata, wewe ni mtu. Kaa tutani, umhesabu huyo bata.