Mvua Haina Mwenyewe, Mfereji Unaye



Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilianza kudhibiti maji yatokayo Ziwa Victoria mwaka 1954. Hata hivyo, mvua za 1961 hadi 1964 zililiinua ziwa zaidi ya mita mbili. Na Mei 2020 likaivuka alama ya 1964. Ziwa lijaapo, Mto Kanoni mjini Bukoba hukosa pa kumwaga, na mialo ya Muleba huingiliwa na maji.

Mvua haiamriwi na mtu. Bali mfereji usiozibuliwa na kalavati lililopasuka vina wenyewe: aliyekabidhiwa asitende, na aliyeona akanyamaza. Ukaguzi na ufanywe kiangazi, na taarifa yake isomwe hadharani kabla ya vuli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.