Heri Kabla ya Faida



Kila Diwali sisi wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati hufunga daftari la zamani na kulifanyia ibada daftari jipya. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili: Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri hutangulia. Waswahili nao wamenena: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo naomba niseme juu ya jambo ambalo daftari langu lilinifundisha.

Miaka mingi iliyopita fedha zilipungua dukani kwangu. Nilimtuhumu mtunza ghala wangu mbele ya wenzake, naye akaondoka kazini bila kujibizana nami. Diwali ilipowadia, nikiwa nafunga hesabu, nilikuta kati ya kurasa stakabadhi ya malipo niliyoyafanya mwenyewe nikasahau kuyaandika. Kosa lilikuwa la mkono wangu. Nikasahihisha hesabu, nikaandika Shubh na Labh, nikanyamaza. Ukimya huo ulidumu miaka minne.

Hatimaye nilipokwenda nyumbani kwake, alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Tajiri, fedha zako zimeonekana katika karatasi. Jina langu je, litaonekana wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda pamoja dukani, nikalikiri kosa langu palepale nilipomtuhumu, mbele ya wafanyakazi waliosalia. Wengine walikwisha kuhama. Hao sikuwapata tena.

Tangu hapo, kabla ya hesabu yoyote, huandika katika daftari jipya mambo matatu ya kujikumbusha. La kwanza ni kujifunza: niulize kabla ya kuhukumu, na nikubali kufundishwa hata na mtu ninayemlipa mshahara. La pili ni kuandika: niandike ninachodaiwa kama ninavyoandika ninachodai, kwa kuwa shukrani na radhi ni madeni pia. La tatu ni kukutana na watu: aliyevunjiwa heshima hadharani asiombwe radhi mafichoni.

Vijana wetu, hesabu zenu leo zimo katika kompyuta. Hiyo itawaonyesha shilingi iliyopotea, lakini haitawaonyesha mtu mliyemdhulumu. Kazi hiyo imebaki kuwa ya moyo.

Mwaka wetu mpya hufuata Diwali, nasi hutembeleana nyumba kwa nyumba tukitakiana heri: Sal Mubarak. Nadhani kila mmoja wetu anayo nyumba moja aipitayo kila mwaka bila kubisha hodi. Safari hii na tuanzie hapo.