Kishikwambi Chenye Kuifaa Mizani Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu

Bwana Mwenyekiti, wajumbe wa Halmashauri, wageni wetu waheshimiwa, na ninyi wakulima ambao ndio wenye chama:

Halmashauri imeniagiza nieleze, kwa maneno yasiyo marefu, jinsi vyama vyetu vya msingi vipasavyo kuchagua vishikwambi, yaani zile kompyuta bapa za kushikwa mkononi ambazo wengine huziita tableti. Baadhi ya vyama vimekwisha kutenga fedha. Vingine vyangoja kuona wenzao watafanyaje. Fedha hizo ni jasho la watu, wala haifai zitumike kwa kuvutwa na uzuri wa kioo.

Kifaa chenyewe si kigeni tena. Katika Sensa ya mwezi Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania wakiwa na vishikwambi, na baada ya kazi ile vishikwambi hivyo vikapelekwa kwa walimu. Swali lililobaki ni hili: kipi kitatufaa sisi, katika kituo cha kununulia kahawa, msimu ukiwa umepamba moto?

Yafaa tukumbuke kwamba ushirika wa wakulima katika nchi hii umefungamana na mizani tangu zamani. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipoanza kuungana mwanzoni mwa miaka ya 1950, moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa kupunjwa uzito. Walitaka mtu wao asimame penye mizani. Kishikwambi nacho chaja leo kusimama mahali pale pale. Kwa hiyo yatupasa kukisaili kama tumsailivyo karani anayeomba kazi: Je, ataweza kufanya kazi kutwa? Je, ataandika sawasawa? Je, mkulima atakwenda nyumbani na ushahidi gani mkononi?

Kwanza, nguvu ya kufanya kazi. Kituo kikifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, hizo ni saa 11. Muuzaji atakuambia betri hudumu muda huo, lakini hesabu yake ni ya ndani ya nyumba, kioo kikiwa na mwanga wa kiasi. Juani karani hulazimika kuuongeza mwanga mpaka mwisho, na betri huisha upesi. Basi kabla ya kulipa, kitoeni kifaa nje ya duka wakati wa mchana, mkajaribu kusoma tarakimu. Tazameni pia alama ya IP yenye tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 5 maana yake chaweza kuvumilia maji yanayorushwa, na 7 chaweza kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Penye mizani, IP65 yatosha. Kisicho na alama hiyo kivikwe kasha imara.

Pili, mawasiliano. Viko vishikwambi visivyo na mahali pa kutia laini ya simu, ambavyo hutegemea waifai tu. Hivyo ni vya ofisini. Na hata chenye laini kitafika mahali pasipo mtandao. Kwa hiyo programu iwe na uwezo wa kuandika bila mtandao na kupeleka hesabu baadaye. Tena kiwe na GPS ya kuonyesha mahali kilipo. Sheria iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2023, ingawa kuanza kwake kumeahirishwa, yataka shamba ilikotoka kahawa lijulikane kwa vipimo vya ramani. Chama kisichoweza kuonyesha mashamba ya wanachama wake kitajifungia mlango wa soko hilo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ushahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Programu iandike uzito pamoja na sehemu za kilo. Tuseme nusu kilo yaachwa katika kila upimaji. Katika upimaji 800, kilo 400 za wakulima zimepotea, wala hakuna aliyeziona zikienda. Kishikwambi kiweze kuungana na mashine ndogo ya kuchapia stakabadhi, ili kila mkulima aondoke na karatasi yake. Kila karani awe na neno lake la siri, ili ijulikane nani aliandika nini. Na hesabu ziweze kutolewa katika programu zikasomwe kwingine, maana kampuni ya programu ikifungwa, historia ya chama isizikwe pamoja nayo. Habari za wanachama ni amana, nazo zalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nne, bei. Tuseme kifaa kimoja chauzwa shilingi 400,000 na kingine shilingi 900,000. Kama cha kwanza chadumu misimu 2, kila msimu wagharimu shilingi 200,000. Cha pili kikidumu misimu 6, ni shilingi 150,000. Kipi rahisi? Mwulizeni muuzaji, naye aandike: kioo kikivunjika chapatikana wapi, na programu za ulinzi zitaendelea kuletwa mpaka mwaka gani. Kilinganisheni kifaa chenye laini na boksi lake kwa namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na waliouziwa ndio waliopata hasara.

Ndugu wanachama, shauri langu ni kwamba tuanze na vifaa vichache kwa msimu mmoja, daftari la karatasi likiendelea kuandikwa kando. Kila jioni jumla mbili zilinganishwe mbele ya wajumbe, na zikitofautiana, sababu itafutwe kabla ya watu kutawanyika. Zikiisha kupatana msimu mzima, hapo vyama vyetu vinunue kwa pamoja kupitia Chama Kikuu, maana mnunuzi wa vifaa 40 husikilizwa kuliko wanunuzi 40 wa kifaa kimoja kimoja. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Siku mkulima asiyejua kompyuta atakapoitazama stakabadhi yake, akaona kilo zile zile alizoziona penye mizani, ndipo tutakapojua kwamba tumechagua vema.

Nawatakia miaka kumi mingine yenye heri.