Jiko Liwashwalo Juu

Sisi wa Karagwe na Kyerwa twapika ndizi na maharage juu ya mafiga matatu, na moshi wake twaujua sote.

Mwaka 1985 Thomas Reed wa Marekani alibuni jiko la bati ambalo kuni zake huwashwa juu, wala si chini. Baadaye lilitengenezwa jiko dogo la namna hiyo kwa wasafiri wapikao nje. Katika miaka ya 2010 mradi wa CHEMA wa Karagwe, pamoja na wahandisi kutoka Ujerumani, ulishughulika kulirekebisha lifae nyumbani kwa mkulima.

Moto hushuka polepole. Hewa huingia kwa matundu ya juu, na sehemu kubwa ya moshi huungua, ikawa mwali wa kupikia. Kiisha hubaki makaa. Yakizimwa upesi na kuchanganywa na mbolea, huufaa udongo wa shamba.

Lakini jiko likiisha kuwaka, si rahisi kuliongeza kuni, nayo maharage hayaivi upesi. Basi fundi na aketi kwanza na mama apikaye, ndipo akate bati lake.